Mabakuli Sita ya Nsansa na Moja la Furu

Vijana mliochukua jiko baada yangu mmeniuliza jambo moja tu, nalo si namna ya kuwasha kuni mbichi wala kutunza visu. Mmeniuliza: jioni tupike nini? Ni swali zuri. Nimeulizwa na wapishi, na wake za watu, na mara moja na padri, na wote waliuliza kwa sura ileile, kama mtu anayeuliza njia hali ameshapotea. Nimekuwa jikoni tangu miaka ya vita hadi mwezi uliopita nilipowakabidhi mwiko. Sijafika hata hamsini, lakini macho yaliyokaa kwenye moshi huzeeka kabla ya mwenyewe, na miguu yangu, ambayo haijawahi kupenda kukaa mahali pamoja, imeanza tena kuniuliza tunakwenda lini. Kabla sijaondoka nawaandikia ninayoyajua. Mishahara na vyeo nitaviruka. Mishahara ilikuwa midogo, na cheo kilikuwa kimoja.

Nilifika sekondari, nikaiacha kabla haijaniacha. Bweni letu lilikuwa karibu na reli, na mimi nilikuwa mtu wa kuamka kila garimoshi likipita. Baba yangu, Msumbwa wa upande wa Kahama, alikuwa ameshawatangazia majirani kwamba nitakuwa karani. Ikabidi awatangazie kitu kingine. Nikapanda garimoshi hadi Shinyanga, na kwa kuwa sikuwa na mpango wowote, niliwafuata watu waliokuwa wakitembea kwa haraka, nikidhani wao wanao. Walikuwa wanakwenda kwenye machimbo ya almasi. Huko hapakutakiwa mchimbaji siku hiyo, alitakiwa mtu wa jikoni, kwa sababu aliyekuwepo alikuwa ameondoka na sufuria.

Mpishi mkuu alikuwa Mzee Ramadhani, mtu wa Ujiji, mfupi, mwenye kofia ya kufuma ambayo sikuwahi kuona rangi yake ya asili. Nilimkuta akitazama pipa la maji.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umesoma?"

"Ndiyo, Mzee."

"Haidhuru," akasema. "Shika huo mwiko."

Mwiko wenyewe ulikuwa wa mninga, mrefu kama kasia, na ulimtaka mtu asimame juu ya jiwe ili ufike chini ya sufuria. Siku ile niliunguza ugali wa kambi nzima. Wachimbaji waliula kimya, jambo lililonitisha kuliko kama wangenitukana. Nilipomwomba radhi Mzee Ramadhani, aliniambia nisijali, maana walikuwa wamekula vibaya zaidi siku nyingine, na ile siku nyingine alipika yeye.

Kwake nilijifunza karibu kila ninachojua. Alisema mtu hachoki na ugali, kama asivyochoka na ukuta wa nyumba yake. Anachochoka nacho ni kile kilicho kando yake. Kwa hiyo usihangaike na ugali. Usage mtama leo, kesho uwele, ukikosa vyote unga wa muhogo, lakini akili yako iweke kwenye kitoweo. Na kila jioni badilisha kitu kimoja, basi. Ukibadilisha kila kitu kwa siku moja, walaji wataona wamehamishwa kambi.

Darini mwa jiko lake kulining'inia vifurushi ambavyo mwanzoni nilidhani ni dawa. Kimoja kilikuwa cha nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa. Ukizilowesha kwa maji ya moto, ukachemsha na magadi kidogo, ukamimina karanga zilizotwangwa na kukoroga mpaka mafuta yapande juu, umeshapata chakula cha jioni ambacho asubuhi hukukifikiria hata kidogo. Kingine kilikuwa cha michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa juani. Michembe ikichemshwa pamoja na kunde haihitaji ugali kabisa, na Mzee Ramadhani aliipika kila siku mkono wake wa kulia ulipomuuma, akiwaambia watu kwamba ni chakula cha heshima. Kwa jioni ya joto alikuwa na maziwa ya mgando na ugali wa uwele, moto mara moja tu, hakuna moshi wa pili. Kwa jioni ya mvua, boga lililochemshwa na maganda yake, likapondwa na karanga. Na maharage yaliyobaki jana hakuyapasha moto, aliyaponda, akayakaanga kwa samli na kitunguu. Watu waliyapokea kama wageni. Nimewahi kumwona mtu aliyeyakataa maharage Jumatatu akiyaomba nyongeza Jumanne, na Mzee Ramadhani akimnyima kwa adabu.

Loweka maharage kabla ya king'ora cha asubuhi. Usisubiri jioni kujua kwamba huna kitu. Jikoni pawe na ndimu. Hayo matatu yaandikeni ukutani kama mna ukuta.

Sikukaa kwake milele. Mtu aliyeacha shule kwa sababu ya garimoshi hawezi kutulia kwa sababu ya mwiko. Nilipika katika hoteli ya wapitanjia pale Nyasubi, ambako nilijifunza kwamba mpitanjia hula chochote, na kwa hiyo hakuna la kujifunza. Nilipika kwenye kinu cha pamba msimu mmoja, nikala na kupumua pamba. Kila nilikohamia nililikumbuka jiko nililoliacha. Nilipokuwa Nyasubi nilitamani harufu ya darini kwa Mzee Ramadhani, na nilipofika kwenye pamba nikaitamani hata Nyasubi. Ni ugonjwa, lakini hauzuii kazi. Mwisho nikafika Geita, kwenye mgodi wa dhahabu, nikapewa jiko la wanaume wasio na wake. Hapo ndipo nilipokutana na kesi ngumu kuliko zote, na haikuwa ya jiko langu.

Mgodi ule ulikuwa umejenga safu ya nyumba kwa wafanyakazi wenye wake. Nyuma ya nyumba kulikuwa na majiko ya nyasi, yamepangana, na nyuma ya majiko ukapita ua mmoja wa matete kutoka mwanzo hadi mwisho. Mbele ya nyumba, wanaume walikuwa wamejitengenezea shikome. Kwa asiyejua mambo ya Wasukuma, shikome ni ule moto wa jioni wa wanaume. Hapo ndipo wanapoota, wanapozungumza na wanapokula. Kila mke hupika kwake na kuleta bakuli lake motoni, na wanaume wote hula kutoka mabakuli yote. Mtu haruhusiwi kuvuta bakuli la mke wake likae mbele yake. Akifanya hivyo ataitwa mchoyo mpaka atakapohama. Mgodini kulikuwa na Wasukuma, Wazinza, Wahaya na watu wa mbali zaidi, lakini desturi hiyo wote waliipokea bila ubishi, kwa kuwa iliwapa mabakuli saba badala ya moja.

Mimi nilimaliza jiko langu mapema, na mara nyingi nilikwenda kuota moto wao. Mpishi hupenda sana chakula ambacho hakukipika.

Katika safu hiyo aliishi Masanja, mtoboa miamba, Msukuma wa bara huko Shinyanga, kijana mwenye kifua na mwenye aibu nyepesi. Mkewe alikuwa Mzinza wa Nkome, kule ziwani. Walikuwa na mapacha wanaotambaa, kwa hiyo yeye akaitwa Mama Kulwa. Wanawake wengine wa safu walifika kabla yake na walikuwa wameshagawana vishamba vya bondeni, wakalima kunde, maboga na karanga. Mama Kulwa alikuta bonde limekwisha. Alichokuwa nacho ni kaka yake Nkome, ambaye kila wiki alimpakilia kifurushi cha furu kwenye lori lililoleta samaki wa mgodi. Furu ni wale samaki wadogo wa ziwani, wanakaushwa juani mpaka wanakuwa kama vijiti. Basi Mama Kulwa alipika furu. Jumatatu furu, Jumanne furu, na siku ya tatu yake, kwa kuwa kifurushi hakijaisha, furu.

Wanaume wa shikome hawakumwacha Masanja apumue.

"Masanja, naona ziwa limefika Geita," alisema mmoja.

"Limefika zamani," akajibu mwingine. "Jana nilitaka kuvuka kwenda msalani, nikakosa mtumbwi."

"Mwacheni," akasema Mzee Luhende, aliyekuwa mkubwa kuliko wote pale na ndiye mwenye neno la mwisho. "Wengine huoa mke. Huyu ameoa kijiji na samaki wake."

Bakuli la Mama Kulwa lilirudi nyumbani limejaa jioni baada ya jioni, na mke wa mtu anapochukua bakuli lake likiwa zito, majirani wote wanaona namna anavyolibeba. Masanja naye akaanza kukaa upande wa pili wa moto, mbali kabisa na bakuli la kwake, kana kwamba limeletwa na watu asiowajua.

Kisha jioni moja ya Jumanne aliinuka, akasema mbele ya wote, bila kuulizwa, kwamba amechoka kuchekwa, na kwamba lori la samaki likiondoka Alhamisi asubuhi, mkewe atapanda kurudi kwao. Neno la nyumbani mtu aweza kulimeza kabla ya kulala, lakini neno lililosemwa shikome limeshasikiwa na wanaume saba na moto. Ng'ombe wa mahari walikuwa wameshatolewa, na kwa desturi ya huku ng'ombe wakishatolewa watoto ni wa baba. Mama Kulwa angepanda lori peke yake. Kulwa na Doto wangebaki, wapelekwe kwa mama yake Masanja huko bara. Kila mtu pale motoni alijua hivyo, na Masanja mwenyewe alijua, kwa sababu alikaa tena haraka kuliko alivyoinuka.

Kesho yake asubuhi Mama Kulwa alinikuta bombani. Macho yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa kavu.

"Shikamoo, kaka mpishi. Wewe unalisha wanaume wengi kila siku na hawajakufukuza. Unafanyaje?"

"Marahaba. Wanaogopa kupika wenyewe, Mama Kulwa."

"Mimi sitanii. Nisaidie leo. Kesho hakuna."

Nyuma yake alikuwa Mama Holo, mke wa nyumba ya kwanza ya safu, Msukuma mwenye mikono kama ya mfua chuma, anayesikia kila kitu.

"Jamani," akasema Mama Holo, "huyu hana hata mke, atakufundisha kumlisha mume? Mtu wa kwanza aonjaye chakula chake ni paka wa mgodi!"

"Na paka hajaondoka," nikasema.

Sasa kulikuwa na tatizo. Mwanamume haingii jiko la mke wa mtu. Hata mwenye mke haingii, akiingia watauliza amepoteza nini. Mimi nilikuwa mwanamume wa jikoni kwa kazi, jambo ambalo safu ile ilikuwa imelisamehe lakini haijalielewa, na kuingia kwangu humo kungempa Masanja sababu ya pili kabla hajamaliza ya kwanza. Tukakubaliana hivi: alasiri nitaketi nje ya ua wa matete, juu ya debe, nimeupa ua mgongo, nikizungumza kama mtu anayejisemea. Yeye atakuwa ndani akifanya kazi zake. Kama mtu akipita, mimi ni mpishi aliyepigwa na jua.

Alasiri nikaenda na debe langu, na fungu la nsansa na karanga kutoka jiko la mgodi, nikavipenyeza chini ya ua.

"Mama Kulwa, upo?"

"Nipo. Sema, lakini usigeuke."

"Una nini humo ndani?"

"Furu."

"Na nini kingine?"

"Furu wengine."

Nikaanza somo. Nilimpa wiki nzima, kama nilivyopewa na Mzee Ramadhani: michembe na kunde, boga na karanga, maziwa ya mgando akipata, mlenda jioni ya haraka, choroko zikipondwa, na furu mara moja katikati, wakiwa wamevunjwa vichwa na kukamuliwa ndimu. Lakini kwa jioni hiyo, nikasema, apike nsansa za karanga, kwa kuwa hazijamshinda mtu yeyote. Nilieleza magadi kiasi gani, karanga zitwangwe kwa ulaini gani, na asikie sauti gani sufuriani ndipo akoroge. Kwa kuwa kule ndani kulikuwa na kelele za vinu, nilipaza sauti. Baada ya muda kidogo vinu vyote vya safu vikanyamaza. Nikadhani wanapumzika, na kwa heshima ya kazi yangu nikarudia maelezo yote toka mwanzo, polepole.

"Umesikia?" nikauliza mwisho.

"Nimesikia," akasema Mama Kulwa, kisha akaongeza, "Si mimi peke yangu."

Sikulitilia maanani neno hilo. Nilikuwa najipongeza.

Jua lilipokaribia kuzama nikaenda shikome. Masanja alikuwa ameketi upande wake wa mbali, akichokonoa moto ambao haukuhitaji kuchokonolewa. Mzee Luhende alikuwa ameshanawa. Wa kwanza kuleta alikuwa Mama Holo. Akaweka ugali, akaweka bakuli, akafunua. Nsansa za karanga, mafuta yamepanda juu, kazi safi. Wanaume wakaguna kwa furaha. Akaja wa pili, akafunua. Nsansa za karanga. Wakaguna tena, kidogo. Akaja wa tatu. Mimi nikaanza kutazama chini. Wa nne alipofunua hakuna aliyeguna. Wa tano na wa sita walikuja pamoja, wakatazamana, wakaweka mabakuli haraka kama watu waliokamatwa na mzigo wa wizi.

Mzee Luhende aliyatazama yale mabakuli sita yaliyofanana kama mapacha, moja baada ya jingine.

"Nani amekufa?" akauliza.

Akalisogeza bakuli la karibu, akalirudisha.

"Nauliza kwa sababu tunapikiwa chakula cha matanga. Nani amekufa, tuanze kulia?"

"Labda mgodi umegawa nsansa," akasema mtu.

"Yaya, hapana," akasema Luhende, "mgodi haujawahi kugawa kitu." Halafu akageuza shingo polepole mpaka macho yake yakanifikia. "Mpishi. Leo alasiri nilipita nyuma ya majiko nikasikia mtu anahutubia ua."

"Jua lilikuwa kali, Mzee," nikasema.

Wakati huo nilikuwa sina hofu kwa ajili yangu. Nilikuwa nahesabu. Bakuli lililobaki lilikuwa la Mama Kulwa, na mimi ndiye niliyempa nsansa. Lingekuwa la saba la namna ile. Furu walichekwa kwa kuwa ni walewale kila jioni. Sasa angeleta kitu ambacho kimeshawachosha watu kwa jioni moja. Masanja alikuwa amefumba macho.

Mama Kulwa akaja. Hakuharakisha. Akapiga goti, akaweka ugali, akaweka bakuli karibu na Mzee Luhende, akafunua.

Furu.

Hawakuwa na mapambo yoyote. Walikuwa na mchuzi mwekundu kidogo, na ile harufu ya ziwa ambayo ilikuwa imelalamikiwa mwezi mzima. Akasema, "Karibuni," akaondoka.

Kisha Mzee Luhende akamega tonge, akapitisha mkono juu ya nsansa za karibu, juu ya nsansa za pili, akachovya kwenye furu. Akatafuna. Akamega tena. Mtu wa kando yake akaona, naye akanyoosha mkono. Baada ya hapo sikuona vizuri, kwa sababu palikuwa na mikono mingi. Nami nilinyoosha wangu. Walikuwa furu walewale wa jana na juzi, chumvi ileile.

"Amebadilisha kitu huyu mama," akasema yule aliyekosa mtumbwi, mdomo umejaa. "Leo ameweka kitu."

"Ameweka bakuli," akasema Luhende. "Kula."

Masanja alikuwa amekaa mbali, kwa kuwa ndiyo sehemu aliyojichagulia. Mbele yake palikuwa na nsansa, kushoto kwake nsansa, na mkono wake haukufika upande wa pili wa moto. Angeweza kuomba apitishiwe bakuli, lakini mwanamume haombi bakuli la mkewe shikome. Nilimwona akila nsansa tonge kwa tonge, akitazama mikono ya wenzake. Bakuli lilipoisha, Mzee Luhende alilifuta kwa kipande cha mwisho cha ugali, akakila, akageukia moto.

"Masanja. Lori ni kesho?"

"Kesho, Mzee."

"Hewaa. Basi kuanzia kesho tutakula nsansa hapa mpaka tustaafu, kwa ajili ya aibu yako."

Masanja akainuka, akanawa, akaaga. Njia ya kwenda kwangu inapita kwenye nyumba yake, nami nikaondoka nyuma yake kidogo, na ua wa matete, kama mlivyokwisha kuona, hauzuii sauti.

"Mama Kulwa," nilimsikia.

"Abee."

"Furu wamebaki?"

"Hawakubaki."

"Hata kwenye sufuria?"

"Sufuria nimeifunga kwenye mzigo."

Kisha nikasikia mtoto mmoja analia, na Masanja akisema, "Nipe mimi huyo."

Nawaambia jambo moja hapa kabla sijamaliza, kwa faida ya kazi. Tangu jioni ile sijawahi kumshauri mtu apike nini kwake bila kumuuliza kwanza jirani yake anapika nini. Chakula hakichoshi kwa kuwa ni kibaya. Huchosha kwa kuwa macho yalikijua kabla hakijafunuliwa. Ndiyo maana wanawake wa safu ile, bila kunishirikisha, walikubaliana kila mmoja apike anachokijua kwao, na kabla ya kuweka sufuria motoni mtu apige kelele juu ya ua kusema anapika nini. Mama Holo ndiye aliyekuwa akiita. Mimi hawakuniruhusu tena kusogeza debe.

Asubuhi ya Alhamisi nilifika kwenye lori mapema, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikienda na dereva Hamisi kuchagua samaki wa jiko la mgodi. Mama Kulwa alikuwa ameketi barazani, mzigo wake umefungwa kwa kanga, Doto mgongoni na Kulwa mapajani, kama mtu anayengoja kuambiwa amshushe yupi kwanza.

"Mbona hukupika nilichokwambia?" nikamuuliza kwa sauti ndogo.

"Ulipomaliza kusema, vinu vyote vilianza kutwanga karanga," akasema. "Nikajiuliza, basi mimi niwapelekee karanga za nini? Nsansa zako ziko ndani, zichukue."

Hamisi akapiga honi. Masanja akatoka akiwa na taulo begani, ingawa uso ulikuwa mkavu. Mlangoni pa nyumba ya kwanza alikuwa amesimama Mama Holo akifagia mahali ambapo palikuwa pameshafagiwa.

"Abiria yuko wapi?" akauliza Hamisi. "Nimemtengea nafasi mbele, na nimeipangusa."

Masanja akalitazama lori, akaitazama ile nafasi, akaitazama shikome ambako majivu yalikuwa bado yanafuka.

"Leo hakuna abiria," akasema. Na kwa kuwa Hamisi alikuwa anaendelea kumtazama, akaongeza, "Hiyo nafasi irudi na furu."

"Furu kiasi gani?"

Masanja akafungua mdomo, lakini aliyejibu alikuwa mkewe, kutoka barazani.

"Gunia," akasema Mama Kulwa. "Wa kwa kaka yangu, siyo wa yule mchuuzi wa gatini. Na wawe waliokaukia kwenye mwamba, wa mchangani wana mchanga."

Hamisi akawasha gari. Mama Kulwa akamkabidhi Masanja mtoto mmoja, akaivuta ile kanga karibu, akaanza kulifungua fundo kwa meno ili atoe sufuria, maana ilikuwa ndani, na watoto walikuwa hawajanywa uji.